Kipimo cha Saa Nane Mchana

Siku subira yangu ilipokatika sikupiga kelele. Nilikuwa nimechoka mno kupiga kelele. Meneja alisukuma barua mezani kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza sahani ya mwenzake aliyemaliza kula, akasema, "Saini hapo chini, mama Jesca, tuendelee na kazi."

Niliisoma nikiwa nimesimama. Blauzi ilikuwa imelowa kifuani, maana saa ya kunyonyesha ilishapita na nilikuwa nimekalishwa koridoni tangu asubuhi. Ilikuwa barua ya onyo. Ilisema moto uliopanda kilimani na kuwaunguza wenzangu ulitokana na mtunza vipimo, yaani mimi, "kuandika kipimo cha saa nane kisicho sahihi kwa haraka ya kwenda kunyonyesha."

"Kipimo cha saa nane sikuandika mimi," nikamwambia. "Ulisema utakichukua wewe."

"Daftari ni lako. Jina ni lako."

"Saa nane nilikuwa nyumbani na mtoto. Wewe ndiye uliniambia nipumzike."

"Mama, tusifike mbali. Ukisaini, unabaki na kazi yako. Mbona Masanja mwenyewe, aliyeungua, hajalalamika?"

Hapo ndipo uzi ulipokatika. Nikamwambia, "Masanja hawezi kushika kalamu, bosi. Mikono yote miwili imefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko."

Nikaomba kuliona daftari. Alinifungulia bila wasiwasi, tena kwa madaha, akaniwekea kidole kwenye mstari wa saa nane. Niliusoma ule mstari mara moja. Nikacheka, kicheko cha mtu aliyechoka, nikatoa simu nikaupiga picha. Nitawaambia nilichokiona. Lakini bila kujua kazi yenyewe hamtaelewa kwa nini nilicheka, kwa hiyo vumilieni kidogo.

Wastaafu huagwa kwa saa ya ukutani na soda. Mimi nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mmoja, na nilichoagwa nacho ni barua ya onyo. Nawaandikia ninyi mliomaliza kidato cha nne juzi, mnaozunguka na bahasha za vyeti, kwa sababu nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilitoka Buzuruga na bahasha yangu, nikaambiwa kuna kampuni imekodi kilima nje ya Ilemela, imepanda miti ya paina, inatafuta mtu wa kusoma vipimo vya hali ya hewa ili moto usiwakute wamelala. Nikauliza, unasomaje hewa? Nikaambiwa, utafundishwa. Nikafanya miaka minane.

Aliyenifundisha ni mama mmoja Mhaya, tulimwita Mama Koku. Alikuwa ameshafanya kazi ya hali ya hewa maisha yake yote, amestaafu kwa heshima, kampuni ikamwita aje awaanzishie kituo. Alitafuna kahawa kavu tangu asubuhi mpaka jioni na hakuwahi kukupa zaidi ya punje mbili. Shikamoo yake ulikuwa unaitoa mara moja tu kwa siku. Ukirudia anakuambia umeshaandika kipimo hicho, usikipike tena.

Kituo chenyewe kilikuwa kibanda cheupe juu ya miguu minne, kama banda la njiwa, kimepakwa rangi nyeupe ili jua lisikipashe. Ndani kuna vipimajoto viwili vimesimama sambamba. Kimoja ni kikavu, kiko uchi kama kilivyozaliwa. Cha pili kimevalishwa kitambaa cha pamba kwenye kile kichwa chake cha chini, na kitambaa kinaning'inia kwenye kichupa cha maji ili kibaki kibichi muda wote. Unasoma vyote viwili, unatoa tofauti. Hiyo tofauti ndiyo kazi. Ikiwa ndogo, hewa ina unyevu, majani hayawaki kirahisi. Ikiwa kubwa, hewa imekauka, na cheche ya mtu anayevuta sigara inaweza kukuondolea kilima.

Wiki ya kwanza niliandika kwa kubadilisha. Kibichi nikakipa namba kubwa, kikavu nikakipa ndogo. Kwa akili yangu niliona kilichovaa nguo lazima kiwe na joto zaidi. Mama Koku alitazama daftari, akatema ganda la kahawa, akasema, "Vaa kanga, tunashuka ziwani."

Nilidhani tunakwenda kuchota maji. Alinisimamisha kwenye jiwe, akaniambia nizame mpaka kichwa, nitoke, nisimame hapo hapo upepo unipige. Mchana kweupe, jua la utosini.

"Unasikiaje?"

"Baridi, mama."

"Mimi niliyekauka nasikia joto. Wewe uliyelowa unasikia baridi. Nani mwenye namba ndogo?"

"Mimi, mama."

"Basi usiniandikie tena kwamba aliyelowa ana joto kumshinda aliyekauka. Haijawahi kutokea tangu Mungu aumbe maji."

Masanja alikuwa anapita na watu wake kwenye njia ya juu. Huyu ndiye alikuwa kiongozi wa kikosi cha moto, Msukuma mrefu, mpole, aliyekulia kwenye ng'ombe. Akasimama, akaita, "Mama Koku, umembatiza dhehebu gani huyo?"

"Sisi Walutheri tunanyunyiza tu," Mama Koku akajibu bila kugeuka. "Huyu alihitaji kuzamishwa."

Jina la Mbatizwa likanikaa miezi. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kurudia kosa lile. Nilikosea mengine.

Nilijaza kichupa maji ya ziwa kwa uvivu, kitambaa kikaota ukoko wa kijani, vipimo vya wiki nzima vikawa vya uongo. Maji ni ya mvua, wadogo zangu, na kitambaa kinafuliwa. Nilisoma nikiwa nimeinamia karibu mno, pumzi yangu ikapasha kipimajoto. Unajizuia kupumua, unasoma haraka, unarudi nyuma. Na niliwahi kuandika kwa kalamu ya wino, mvua ikaingia kibandani, mwezi mzima ukageuka maji ya bluu. Tangu hapo ni penseli tu. Ukikosea hufuti. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, kosa libaki linasomeka, unaandika sahihi pembeni. Mama Koku alikuwa akisema daftari lisilo na makosa limeandikwa na mwongo.

Masanja hakuwa na imani na kibanda, mwanzoni. Yeye alivunja majani. Anachukua bua, analikunja. Likipinda, anasema bado. Likikatika kwa mlio, anawashusha watu. Mama Koku alimkejeli kwamba Wasukuma wanapima hewa kwa kuuliza ng'ombe. Masanja akamjibu kwamba ng'ombe angalau hahitaji kuvalishwa kitambaa. Walitaniana hivyo mwaka mzima, huku mimi nikiandika namba za huyu na mabua ya yule kwenye ukurasa mmoja. Mwisho wa kiangazi tukazilinganisha. Zilikubaliana karibu kila siku. Hakuna aliyeomba radhi, lakini tangu hapo Masanja alikuwa hawashi kiberiti kabla hajapita kwangu.

Maana kikosi cha moto kinawasha moto pia, msishangae. Kiangazi kikianza kuna kuchoma barabara za moto, yaani ule ukanda uliofyekwa kuzunguka miti. Unauchoma mwenyewe mapema, kidogo kidogo, ili moto wa kweli ukija ukute hakuna cha kula. Kazi hiyo inafanywa asubuhi. Hapa kwetu upepo wa asubuhi unatoka nchi kavu kwenda ziwani, unausukuma moshi majini, raha tupu. Mchana ziwa linageuza. Upepo unakatika, moshi unasimama wima kama mtu anayefikiri, halafu unaanza kupanda kilima. Kilima kikiwa na paina kavu juu, na watu wako wakiwa katikati, hapo ni kukimbia.

Kwa hiyo kulikuwa na ubao getini, wenye rangi tatu. Kijani, choma. Njano, maliza ulichoanza. Nyekundu, zima, shuka. Ubao uligeuzwa na mtu mmoja tu, mtunza vipimo, baada ya kusoma. Hiyo ilikuwa sheria ya Mama Koku. Alipoondoka kurudi kwao Kagera, aliniachia ufunguo wa ubao na punje nne za kahawa. Nne. Nililia.

Halafu vikaja vitu vipya. Tukaunganishwa na setilaiti. Simu inalia, ujumbe unasema kuna nukta ya moto sehemu fulani, nami natakiwa niende nikathibitishe. Mara ya kwanza nilipanda mawe saa nzima nikiwa na bomba la maji mgongoni, nikamkuta bibi mmoja ameketi pembeni ya tanuri lake la matofali, anapepea.

"Shikamoo bibi. Nimetumwa kuangalia moto."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Na setilaiti. Iko juu mbinguni, imeona tanuri lako."

Bibi akatazama juu, akanitazama mimi. "Kama wameona tofali huko juu, wakuambie zimeiva au bado."

Nikayaandika yale matanuri yote kwenye ramani, nisiende tena bure. Setilaiti ni kitu kizuri, sisemi vinginevyo. Lakini inapita mara chache kwa siku, na moto wa majani makavu hauisubiri ipite tena. Kisha kampuni ikaleta mfumo wa kompyuta uliosema hatari ya moto wenyewe, bila kibanda. Ulichukua hali ya hewa ya uwanja wa ndege. Uwanja uko tambarare, pembeni ya maji. Sisi tuko juu ya mawe yanayochemka. Mfumo ulisema kijani wakati mabua ya Masanja yanalia kama njugu. Nilimweleza Meneja. Akasema, "Mama, mashine haina hisia." Nikamwambia, haina na miguu. Hakupenda.

Nikajifungua Jesca. Sheria inampa mama anayenyonyesha saa mbili kwa siku, na mimi niligawa: moja asubuhi, moja kuanzia saa saba mchana, narudi kabla ya saa nane. Kipimo cha saa nane ndicho kikubwa kuliko vyote. Nilipanga chumba chini ya kilima, mama mkwe akiwa na mtoto, kusudi nisichelewe. Miezi miwili sikuchelewa hata siku moja. Nilikimbia ile njia nikiwa na mshono bado unavuta.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Wageni wa kampuni walikuwa wanakuja kesho yake kukagua barabara za moto, na upande wa magharibi ulikuwa haujachomwa. Meneja alitaka uishe. Saa sita nilisoma: kikavu thelathini na moja, kibichi ishirini. Tofauti ya kumi na moja. Nikageuza ubao nyekundu, Masanja akaanza kukusanya watu wake. Meneja akaja kibandani, anatabasamu. Hakuwahi kufika pale tangu aajiriwe.

"Umechoka, mama Jesca. Nenda kanyonyeshe taratibu. Kipimo cha saa nane nitachukua mimi. Niachie ufunguo wa ubao."

Nilimpa. Hilo ni kosa langu, nimelipigia mstari mmoja na naliacha lisomeke. Nilimpa ufunguo, na nikasema asante bosi. Mtu ukiwa hujalala miezi mitano, anayekuambia pumzika unamwona malaika.

Nilikaa mlangoni, Jesca kifuani, natazama kilima. Nikaona moshi. Nikajiambia ni mabaki ya asubuhi. Ukaongezeka. Ulikuwa bado unaelekea ziwani. Nikampigia Masanja, simu haipokelewi. Huwa anaiacha kwenye koti lake chini ya mti. Nikampigia askari wa getini.

"Mbona kuna moshi?"

"Wanamalizia magharibi, dada."

"Ubao ni nyekundu."

"Hapana, ni kijani. Meneja kaugeuza."

Nilipoinua macho moshi ulikuwa umesimama wima. Nikamchomoa mtoto titi mdomoni, nikampa mama mkwe, nikakimbia na miguu mitupu. Sikufika. Nilikuwa nusu ya njia upepo uliponipita mgongoni, wa baridi, wenye harufu ya ziwa, nikausikia moto ukiupokea huko juu.

Masanja aliwaokoa kwa jambo moja alilokuwa akiwaimbia kila asubuhi: mkizidiwa, msikimbilie juu, ingieni kwenye nyeusi. Palipoungua hapaungui tena. Aliwasukuma wote kupita kwenye ukingo wa miali mpaka upande ulioungua, akawalaza kifudifudi kwenye majivu. Wawili walibabuka miguu. Mama mmoja, anaitwa Leticia, alianguka nje ya ukingo, na Masanja akarudi. Alimvuta kwa mikono. Leticia yuko mzima. Mikono ya Masanja daktari anasema tusubiri.

Nilikwenda kumwona. Nikamwambia shikamoo, akaitika, akaniambia, "Mabua yalikuwa yanakatika. Niliyasikia. Lakini ubao ulikuwa kijani, nikajua wewe umesoma kitu mimi sijakiona." Nikamwambia sikuwa mimi. Akafunga macho. "Basi wasiseme ni wewe," akasema. "Maana nikiamini ni wewe, sitaamini tena kipimo chochote, nami ndiye niliyewafundisha hawa watoto kukiamini."

Hilo ndilo nililoingia nalo ofisini siku ya barua. Sasa turudi kwenye ule mstari.

Uliandikwa kwa wino wa bluu, katika daftari la penseli. Hilo peke yake mtu angelikwepa. Lakini yeye alitaka tofauti ndogo, ya kijani, akabuni namba mbili zilizokaribiana. Na hakujua ipi ni ya nani. Aliandika: kikavu ishirini na sita, kibichi ishirini na tisa.

Ndiyo maana nilicheka. Lilikuwa kosa langu la wiki ya kwanza. Aliona, kama nilivyoona mimi, kwamba kilichovaa nguo ndicho chenye joto. Miaka yote hiyo ya kutia saini ripoti zangu, hakuna aliyewahi kumshusha ziwani.

Nikamwomba karatasi nyeupe. Akadhani nataka kujitetea kwa upole, akanipa mbili. Niliandika palepale kwenye benchi la koridoni, kwa penseli, kisha nikaenda kuichapisha stendi ya Buzuruga, nikaipeleka kwa mkono, nikagongewa mhuri wa kupokelewa. Jifunzeni na hilo: barua isiyo na mhuri wa kupokelewa ni stori. Nawaandikia kama ilivyo, bila kupunguza.

Kwa Mkurugenzi wa Kampuni. Kupitia kwa hakuna mtu, kwa kuwa ninayemlalamikia ndiye ningepitia kwake.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KUGHUSHIWA KWA KIPIMO CHA SAA NANE MCHANA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtunza vipimo wa kituo cha kilimani kwa miaka minane. Nalalamika kwamba siku ya moto Meneja alichukua ufunguo wa ubao wa hatari kutoka kwangu, akaugeuza kutoka nyekundu kuwa kijani, na kuandika kwa jina langu kipimo ambacho hakukisoma.

Ushahidi ni kipimo chenyewe. Kimeandikwa kibichi 29, kikavu 26. Kipimajoto kibichi hakiwezi kuzidi kikavu. Yeyote mwenye shaka avae kanga, azame ziwani, atoke asimame kwenye upepo, kisha aniandikie anasikiaje. Saa mbili kabla yake, kwa mkono wangu, kwa penseli, ni kikavu 31, kibichi 20. Nimeambatanisha picha ya ukurasa wote. Daftari lisiguswe mpaka mkaguzi alione.

Siombi kurudishwa kazini. Kwa barua hii nimeacha. Naomba barua ya onyo ifutwe, na itamkwe kwa maandishi, mbele ya kikosi kizima, kwamba kipimo kile hakikuwa changu. Naomba pia ufunguo wa ubao usikae tena kwa mtu mwenye haraka ya kumaliza kuchoma.

Kuhusu haraka ya kwenda kunyonyesha: nilikuwa nanyonyesha, ndiyo. Ni kutoka mlangoni kwangu, mtoto akiwa kifuani, ndipo nilipoona upepo ukigeuka kabla ya ofisi nzima.

Wako katika kazi, kwa mara ya mwisho,

Mama Jesca, Mtunza Vipimo.

Nakala: Ofisa Kazi.

Nakala: Masanja, hospitalini. Asomewe. Hawezi kushika karatasi.